Nani akuandikie dawa Lubumbashi: kituo cha afya, hospitali, polikliniki au famasi ya kona?

Ukiugua katika komuni za Lubumbashi kama Katuba, Kenya au Ruashi, milango ya kutafutia dawa iko minne. Wa kwanza ni kituo cha afya cha kartye (mtaa), ambako muuguzi anajua watoto wa avenyu nzima kwa majina. Wa pili ni hospitali kubwa: hospitali ya rufaa ya zoni yako ya afya, na kwa mambo mazito Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Wa tatu ni polikliniki ya binafsi, yenye dokta mmoja au wawili, labo ndogo na vitanda vichache. Wa nne ni famasi ya kona, na tuseme ukweli, hapo ndipo wengi wetu tunaanzia.

Watu hubishana kila siku. "Nenda polikliniki, kule wanakuangalia vizuri." "Kupoteza pesa bure, famasi watakupa dawa ile ile." Ubishi huo hauishi kwa sababu kila mmoja anasema juu ya ugonjwa wake. Mimi ningeuliza hivi: dawa hii ninayoihitaji, nani ana ruhusa ya kuiandika? Na karatasi atakayonipa, je, itakubaliwa na mfamasia, na kampuni inayonilipia, na dokta mwingine nitakayemwona wiki ijayo?

Nimepima milango yote minne kwa vipimo vitano vilevile: ruhusa ya kuandika dawa; ordonansi, yaani karatasi ya dawa anayoandika dokta, ilivyo; dawa zinazopatikana hapo; pesa na muda; na nani anajibu mambo yakiharibika. Viwili vya kwanza nimevipa nafasi kubwa, maana humo ndimo watu wanamopotelea.

Ruhusa ya kuandika

Sheria za afya za Kongo ni mchanganyiko wa maandishi ya zamani na mapya. Dekreti ya tarehe 19 Machi 1952 iliweka wazi kwamba kutibu watu si kazi ya kila anayejisikia. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 ikaja kupanga misingi ya afya ya umma kwa ujumla. Katikati ya hizo, kila kazi imepata Ordre yake, yaani baraza la kuwaandikisha na kuwasimamia wenye kazi hiyo: madokta tangu 1968, wafamasia tangu 1991, wauguzi tangu 2016. Dawa zenyewe, yaani zipi zimeruhusiwa kuingia na kuuzwa nchini, ziko mikononi mwa ACOREP, mamlaka iliyoundwa mwaka 2020.

Kwa mgonjwa, maana yake ni nyepesi. Dokta ndiye mwenye ruhusa pana ya kuandika dawa, na ruhusa hiyo inasimama juu ya kuandikishwa kwake katika Ordre. Ndiyo sababu mihuri mingi ya madokta ina jina, cheo na namba ya CNOM, yaani baraza la taifa la Ordre ya madokta. Diploma iliyotundikwa ukutani haitoshi peke yake. Na hapa lazima niwaudhi kidogo wapenzi wa hospitali kubwa: kwa upande wa ruhusa, dokta wa polikliniki na dokta wa Sendwe wako sawasawa. Wanachotofautiana ni kilichowazunguka, kama labo, wenzao wa fani nyingine, na faili lako la miaka iliyopita. Daktari wa meno naye anaandika, lakini kwa mambo ya kinywa na meno. Akikuandikia dawa ya presha, muulize kwa heshima kama hakuna haja ya kumwona mwenzake.

Muuguzi wa kituo cha afya ni habari nyingine, na watu hawamwelewi. Wengine wanamwona kama dokta mdogo, wengine wanamdharau. Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya, na kila zoni ina maeneo yake yenye vituo. Kituo kinafanya kazi kwa kifurushi cha chini cha huduma (PMA), hospitali ya rufaa kwa kifurushi cha nyongeza (PCA). Mkuu wa kituo, yule muuguzi tunayemwita IT (infirmier titulaire), anaona wagonjwa na kuwapa dawa akifuata mchoro wa maswali na majibu unaoitwa ordinogramu. Mtoto ana homa? Pima TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria. Ni chanya, na mtoto anakunywa, anaamka, hana degedege? Mpe dawa ya malaria ya vidonge kwa uzito wake. Ana dalili ya hatari? Mwandikie karatasi ya rufaa, aende hospitali. Muuguzi anayefuata mchoro huo yuko ndani ya ruhusa yake, na kwa malaria ya kawaida, kuhara au mafua ya kifua ya mtoto anaweza kukuhudumia vizuri kuliko dokta mwenye haraka.

Akitoka nje ya mchoro, ruhusa yake inaanza kuwa nyembamba. Kituo kinachomchoma seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, kila anayeingia na joto kimejipa kazi ambayo hakikupewa. Unaweza pia kuuliza kiwango cha anayekuona, bila kumvunjia heshima: A2 ametoka shule ya sekondari ya uuguzi, A1 amepitia ISTM, chuo cha juu cha ufundi wa tiba. Wote wawili ni wauguzi, ila hawakusoma kwa kina kimoja.

Na famasi? Mfamasia amesoma dawa chuo kikuu, na UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ina kitivo chake cha sayansi ya dawa. Lakini kazi yake ni kuhakiki ordonansi, kutoa dawa, kueleza namna ya kuitumia, na kumsimamisha dokta aliyekosea dozi. Kuandika si kazi yake. Anaweza kukushauri juu ya vitu vyepesi visivyodai ordonansi: parasetamoli, chumvi za kurudisha maji mwilini, zinki, dawa ya kusugua misuli. Kijana aliye kaunta, ambaye mara nyingi ameajiriwa tu na mwenye duka, hana hata ruhusa hiyo ya mfamasia. Kuna swali moja tu la kumtenganisha na bosi wake: "Mfamasia mwenyewe yuko?"

Ordonansi yenyewe

Ordonansi nzuri inasomeka kama barua: nani anaandika, kwa nani, lini, anataka nini. Inatakiwa kuwa na jina la aliyeandika, mahali anapofanyia kazi na namna ya kumpata, tarehe, jina la mgonjwa na umri wake, na kwa mtoto uzito, jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, umbo lake (kidonge, siro, sindano), idadi yote, na namna ya kuitumia, halafu sahihi na muhuri. Mengi ya hayo ndiyo Shirika la Afya Duniani linayoyashauri, na ndivyo mfamasia makini anavyokagua kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu.

Tuchukue mstari mmoja kama unavyoandikwa kwetu:

R/ Amoxicilline caps 500 mg, N° 21
S/ 3 × 1 caps/j × 7 j

R/ ni "chukua". Baada ya S/ yanafuata maelezo ya mgonjwa: mara tatu kwa siku, kapsuli moja moja, siku saba. Sasa zidisha mwenyewe. Tatu mara saba ni 21, na juu imeandikwa 21. Hesabu imekubali. Kama juu ingekuwa 10 na chini siku saba, kuna mmoja aliyekosea, na huyo ndiye wa kurudiwa kabla hujalipa. Mtu yeyote aliyefika darasa la nne anaweza kufanya ukaguzi huu, na unanasa makosa mengi.

Kwa mtoto, uzito ndio ufunguo. Artemeta-lumefantrini ya miligramu 20/120 hutolewa hivi: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu, jumla 6; kilo 15 hadi chini ya 25, viwili viwili, jumla 12; kilo 25 hadi chini ya 35, vitatu vitatu, jumla 18; kuanzia kilo 35, vinne vinne, jumla 24. Mtoto wa kilo 18 aliyepewa vidonge 6 hajatibiwa, hata kama joto limeshuka siku ya pili. Ordonansi ya mtoto isiyo na uzito, mimi ningeirudisha.

Kuhusu jina la dawa, dai jina la kimataifa, lile wanaloita DCI. Amoksisilini inaweza kuwa na chapa kumi kwenye rafu, za India, za Ubelgiji, za hapa hapa Kongo, lakini DCI ni moja. Ikiandikwa chapa peke yake, unafungwa na duka moja na bei yake.

Kwa kipimo hiki milango inaachana waziwazi. Hospitali kubwa ina karatasi yenye kichwa, muhuri na namba ya faili, na dokta mwingine akiishika anajua aanzie wapi. Ubaya wake ni mwandiko, na wanafunzi wa udaktari: hospitali inayofundisha ina wanafunzi wengi wodini, na mara nyingine karatasi inatoka na sahihi ya mwanafunzi bila jina la dokta anayemsimamia. Omba liandikwe. Hakuna atakayekasirika, na akikasirika, mwache akasirike.

Polikliniki hutoa ordonansi safi, mara nyingi iliyochapishwa. Ila nyingi zina famasi yao ndani, na unaweza kutoka na mfuko wa dawa na bili bila karatasi yoyote. Sema mapema: "Dokta, naomba ordonansi niende nayo." Umelipia ushauri wake, na ushauri huo ndio ulioandikwa pale.

Kituo cha afya mara nyingi hakitoi ordonansi kwa sababu dawa ziko hapo hapo. Kila kitu kinaandikwa kwenye fishi (kadi ya mgonjwa) au kitabu chake. Kwa malaria ya mtoto hiyo inatosha kabisa. Kwa kampuni inayorudisha pesa haitoshi, na kwa dokta utakayemwona baadaye inategemea kama fishi umeitunza au imefungia karanga.

Famasi ya kona haitoi karatasi. Inatoa kijibahasha chenye "3×1" kwa kalamu ya buluu, hakuna jina la dawa, hakuna tarehe. Ukipata vipele usiku, hospitalini watakuuliza umekunywa nini, nawe utasema "vidonge vyeupe". Kama lazima ununue hapo, omba wakuandikie jina na miligramu kwenye bahasha, au piga picha ya boksi kwa simu.

Kuna mazungumzo ambayo kila mtu wa mji huu ameyasikia kaunta:

— Mama, amoksi imeisha. Chukua sipro, ni ile ile tu.
— Dokta ameandika amoksi.
— Sipro ndiyo kali zaidi, Mama. Utaona.

Si ile ile. Kutoka chapa moja ya amoksisilini kwenda nyingine yenye DCI, nguvu na umbo lile lile, mfamasia anaweza kukueleza na mkaelewana. Kutoka amoksisilini kwenda siprofloksasini ni kubadilisha matibabu, na anayeruhusiwa kufanya hivyo ni aliyeandika. Kama mama huyo ni mjamzito au ananunulia mtoto, mabadiliko hayo yanaweza kuleta madhara ambayo kijana wa kaunta hawezi kuyaeleza. Doksisiklini vivyo hivyo: mjamzito hapewi hivi hivi.

Dawa zinazopatikana

Kituo cha afya kina orodha fupi ya dawa muhimu, na kikipata kutoka CAMELU, ghala la dawa muhimu la Lubumbashi, unajua angalau dawa imepita mkono unaojulikana. Upungufu wake ni rafu kukauka: unapimwa, unaambiwa ugonjwa, halafu dawa hakuna. Hospitali ina orodha pana, sindano, damu, na wataalamu wa kuzisimamia. Polikliniki hutegemea mwenyewe ananunua wapi. Famasi ina kila kitu, na hilo ndilo tatizo lake: kila kitu, kutoka kila mahali, pamoja na kilichopita mpaka wa Kasumbalesa bila kukaguliwa.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya vidonge kaskazini mashariki mwa nchi yetu, upande wa Ituri. Viliuzwa kama diazepamu, lakini ndani mlikuwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Mamia ya watu, wengi watoto, walikakamaa uso, shingo na ulimi. Ordonansi isingekizuia kidonge bandia kutengenezwa. Lakini mwenye ordonansi na famasi inayotunza daftari la manunuzi anaweza kufuatiliwa nyuma hadi boksi lilikotoka. Aliyenunua kwa mchuuzi wa sokoni hana wa kumfuata.

Diazepamu, fenobabitali na mofini ziko chini ya mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya ya 1961 na 1971, na zinataka ordonansi ya dokta; omba idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa herufi ili mtu asigeuze 10 kuwa 100. Famasi inayokuuzia hizo bila swali, kaa nayo mbali hata kwa parasetamoli. Na dexa (deksamethasoni), ile ambayo dada zetu wanakunywa wanenepe: inapandisha sukari na presha, na ukiisha kuizoea kwa wiki nyingi, kuiacha ghafla kunaweza kukuangusha. Hiyo nayo ni dawa ya ordonansi.

Antibiotiki zimepangwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2017 katika makundi matatu: za kuanzia, za kuangaliwa, na za akiba. Amoksisilini, doksisiklini na metronidazoli ziko kundi la kwanza. Siprofloksasini, azitromisini na seftriaksoni ziko la pili. Ukitaka kupima mlango wowote, tazama huwa unaanzia wapi. Anayeruka kila mara kwenda kundi la pili kwa mafua anakuuzia nguvu ambayo huihitaji, na siku utakapoihitaji haitafanya kazi.

Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya ukimwi hutolewa bure kupitia programu zake, katika vituo na hospitali zilizoteuliwa. Anayekuuzia hizo, kwa mlango wowote kati ya minne, mkimbie.

Pesa na muda

Hapa nitapita haraka, bei zinabadilika na kila mtu anajua mfuko wake. Kituo ni rahisi na karibu. Foleni ni ya asubuhi. Hospitali kubwa inakula siku nzima: fishi, foleni, labo, kurudi na majibu. Polikliniki inaokoa muda na inakula pesa, hasa vipimo ambavyo hukuvitarajia; uliza bei ya kila kimoja kabla hujatoa mkono kuchomwa. Famasi inaonekana rahisi kuliko zote mpaka ununue mara ya tatu kwa ugonjwa ule ule.

Wafanyakazi wa kampuni wana hesabu yao. Kodi ya Kazi, yaani sheria ya kazi, ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi na familia yake, na mji huu wa migodi na reli umeishi kwa utaratibu huo tangu zamani. Lakini kampuni hulipa kwa masharti yake: hospitali au famasi iliyokubaliana nayo, bon (hati ya kampuni ya kukubali kulipa) iliyosainiwa, ordonansi yenye muhuri na jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye kadi. Ordonansi nzuri kabisa ya dokta asiye kwenye orodha ya kampuni inaweza kukurudia mkononi bila faranga hata moja. Kitambulisho cha mtoto kikisema Kabwe na ordonansi ikisema Kabwee, jitayarishe kupanda ngazi.

Nani anajibu

Kituo kiko chini ya dokta mkuu wa zoni. Ukiwa na malalamiko, unajua ofisi iko wapi. Dokta, wa hospitali au wa polikliniki, anajibu mbele ya Ordre yake. Hospitali ina pia uongozi na faili. Polikliniki ina mwenyewe, na polikliniki zisizo na kibali huhama kama vibanda, basi tazama kama jina la dokta kwenye ordonansi linafanana na la kwenye bango la nje. Famasi inajibu kwa mkaguzi wa mkoa na kwa Ordre ya Wafamasia, lakini ili mtu akusikilize lazima uwe na kitu mkononi: ordonansi, risiti, boksi. Kijibahasha cha "3×1" hakisemi chochote.

Karatasi ya mbali

Wengi wetu tunapata ordonansi kutoka Ndola na Kitwe kule Zambia, hata India baada ya upasuaji. Dokta wa huko ana ruhusa ya huko. Famasi ya hapa inaweza kusoma DCI na kukuelewa, lakini kwa dawa za muda mrefu au zile za mikataba nilizotaja, mpelekee dokta wa hapa aiandike upya kwa muhuri wake. Picha ya ordonansi kwa simu, anayokutumia shemeji dokta aliye Kinshasa, inasaidia kwa ushauri. Kwa mfamasia makini haina sahihi wala mtu wa kupigia akiona dozi isiyoeleweka, na sioni kwa nini tumlaumu akikataa.

Uchague nini, kwa hali yako

Mtoto wa zaidi ya miezi miwili ana homa, ananyonya au anakunywa, anacheza kidogo: kituo cha afya. Dai TDR kabla ya dawa, na uzito uandikwe. Akiwa na degedege, akitapika kila kitu, akilala bila kuamka au akipumua kwa shida, ruka kituo kama hospitali iko karibu. Kama iko mbali, kituo kimpe huduma ya kwanza na karatasi ya rufaa. Mtoto mchanga wa wiki chache mwenye joto ni wa hospitali moja kwa moja.

Kuhara bila damu na bila kukauka mwili: famasi nzuri inatosha kwa chumvi za maji na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Ukiambiwa uongeze metronidazoli "kwa usalama", kataa, uende kituo.

Mama mjamzito: kituo chenye huduma ya wajawazito au hospitali, na mimba itajwe kwa sauti mbele ya kila anayetaka kukuandikia au kukuuzia dawa, hata kama haionekani bado. Famasi peke yake haimfai.

Presha na kisukari: dokta wa kudumu, awe wa hospitali au wa polikliniki, ilimradi ni yule yule. Hospitali inafaa zaidi kama una magonjwa mawili au matatu pamoja. Polikliniki inafaa kama kazi yako haikuruhusu kukaa foleni siku nzima na unaweza kulipa. Omba ordonansi yenye tarehe ya kurudi, na usiitumie ile ya mwaka jana kwa sababu tu rangi ya karatasi bado ni nzuri. Figo na uzito vimebadilika.

Mtu mzima mwenye maumivu ya kichwa au mgongo ya jana, bila joto: famasi, parasetamoli, maji na usingizi. Siku ya tatu yakiwa bado yapo, tafuta anayeruhusiwa kuandika.

Mwenye dawa za mizizi kutoka kwa mganga wa kijijini: endelea kumheshimu mzee, ila mwambie dokta au muuguzi unachokunywa, na atakayeandika aandike akijua.

Na mfanyakazi wa kampuni: kabla ya kuchagua mlango wowote, isipokuwa ni dharura, pita ofisi ya rasilimali watu au mpigie anayetoa bon, uulize ni madokta gani na famasi gani ziko kwenye orodha mwezi huu. Ikiwa ni dharura, nenda kwanza kunakokaribia, utunze kila karatasi yenye tarehe na muhuri, na uripoti siku ya kazi inayofuata.